Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kulea wajukuu wadogo, kwa bibi na babu wa Dodoma na Kanda ya Kati

Siku ya mizani, nenda kliniki yoyote ya watoto Chamwino, Bahi au Mpwapwa, utakuta mabibi wamekaa kwenye benchi pamoja na kina mama. Yupo aliyeachiwa mtoto kwa sababu binti amepata kazi Dar es Salaam. Yupo aliyebaki na yatima. Yupo ambaye mwanawe wanaishi nyumba moja, ila hutoka alfajiri na kurudi mtoto amelala. Nimekuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwa muda mrefu na sasa mimi mwenyewe ni bibi, kwa hiyo maswali haya nimeyasikia kwenye benchi na nyumbani pia. Msimamo wangu nausema mapema: anayemlisha mtoto, anayemwogesha na kumlaza, huyo ni mlezi kamili. Anastahili karatasi, fedha na sauti ya mlezi, si kuachiwa mtoto huku maamuzi yote yakitolewa kwa simu.

Binti yangu ananiachia mtoto mchanga arudi kazini. Nimuulize nini kabla hajapanda basi?

Kadi ya kliniki kwanza, nguo baadaye. Kadi ndiyo inayoonyesha chanjo zipi zimeshatolewa na uzito unakwendaje. Bila hiyo muuguzi atakuhoji mambo usiyoyajua. Halafu cheti cha kuzaliwa, au angalau tangazo la kizazi alilopewa hospitali. Halafu yale mambo madogo ambayo mama huyafanya bila kuyafikiria: mtoto anabembelezwa kwa wimbo gani, anaogopa nini, dawa gani iliwahi kumdhuru, anatulia akibebwa mgongoni au begani.

Kama mtoto hajafikisha miezi 6, mwambie binti ukweli. Chakula cha umri huo ni maziwa ya mama peke yake, na kila wiki anayoweza kuahirisha safari ni faida kwa mtoto. Akiwa anafanya kazi hapa hapa mjini na wewe uko Nkuhungu au Kizota, akamue maziwa kabla ya kutoka, nawe umpe mtoto kwa kikombe safi. Kama anakwenda mbali, nendeni wote wawili zahanati mkaelekezwe maziwa mbadala kabla hajaondoka. Maziwa ya kopo yana kipimo kilichoandikwa kwenye kopo lenyewe, na maji yake ni ya kuchemsha. Nimeona watu wakiongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Mtoto anaonekana kashiba, uzito haupandi, na nyumbani wanaanza kutafuta mchawi.

Mwisho zungumzeni fedha: kiasi gani, tarehe gani, kwa namba ya nani. Yasemwe mbele ya shangazi au mjomba mmoja, ili siku yakisahaulika awepo wa kukumbusha.

Mjukuu wa miaka miwili analia usiku kucha akimtaka mama yake. Atanizoea lini?

Atakuzoea, ila si kwa siku moja, na haraka yako inaweza kumchelewesha. Mtoto wa umri huo hajui wiki wala mwezi. Anachojua ni kwamba yule aliyekuwa akimshika hayupo. Kinachomtuliza ni mambo yale yale, kwa mpangilio ule ule, kutoka kwa mtu yule yule: maji ya kuoga jua likishuka, kisha uji au ugali, kisha mkeka, kisha wimbo. Baada ya siku kadhaa ataanza kujua kinachofuata, na mtoto anayejua kinachofuata hulia kidogo.

Yapo mambo mawili yanayoharibu kazi hii. La kwanza ni mama kumtoroka mtoto. Huku kwetu tumezoea: mpeleke mtoto kwa jirani akacheze, mama achukue begi aondoke. Mtoto akirudi na kumkosa, anajifunza kwamba ukigeuka tu watu hupotea, na kuanzia hapo atakung'ang'ania hata ukienda chooni. Ni heri aage, alie, aone mama akiondoka na kupunga mkono. La pili ni kumdanganya kwamba mama anarudi kesho. Mwambie, "Mama yuko kazini, atakuja mvua zikianza, leo jioni tutampigia simu." Na mpigiwe kweli.

Mapenzi yenyewe hujengwa ndani ya kazi za kila siku kuliko zawadi. Jirani yangu alimlea mjukuu wa kiume aliyekuja akiwa hamtazami mtu usoni. Bibi huyo hakumlazimisha. Alikuwa na karanga za kubangua, akamketisha pembeni, akamwekea bakuli lake dogo. "Maganda huku, karanga huku." Mtoto alivuruga, akamwaga, akaokota. Baadaye akashika karanga moja, akamnyooshea bibi na kumtazama usoni aone itakuwaje. Bibi akaipokea kwa mikono miwili kama anayepokea zawadi ya harusi, akasema ahsante baba. Mtoto akaenda kuleta nyingine, na nyingine. Sijui mchezo wa dukani unaoweza kufanya hivyo.

Kwa hiyo ongea naye unapochambua mboga, jibu sauti zake hata kama bado si maneno, mwache aguse unga. Miaka ya mwanzo ndiyo ubongo unakua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Ndiyo maana serikali ilizindua hapa Dodoma, Desemba 2021, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto wa miaka 0 hadi 8. Mazungumzo na mtoto mdogo ni sehemu ya malezi yanayotajwa humo, na bibi anaweza kuyafanya akiwa ameketi juu ya kigoda.

Wazazi wanasema vyakula vyetu vya zamani havifai, wanataka nimpe vya dukani. Nani yuko sahihi?

Kwa sehemu kubwa, wewe. Uwele una madini ya chuma mengi kuliko mahindi. Mlenda, karanga, kunde, mayai ya kuku wa kienyeji, maziwa, ubuyu: huo ni mlo mzuri wa mtoto kuanzia miezi 6, ukipondwa na kulainishwa kulingana na umri. Uji uwe mzito wa kutosha kukaa kwenye kijiko. Uji mwepesi hujaza tumbo dogo kwa maji. Biskuti na juisi ya pakiti si chakula, hata kama vimetoka mjini vikiwa vimefungwa vizuri.

Ila kuna jambo moja ambalo Kanda ya Kati hatuna ruhusa ya kulichezea, nalo ni sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua, na wengine wakafa, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri au zilizohifadhiwa penye unyevu, na kupika hakuiondoi. Huharibu ini, na kwa mtoto mdogo huenda sambamba na kudumaa. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Kabla ya kusaga, chambua: karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe. Nasisitiza itupwe, kwa sababu desturi yetu ni kuuza nzuri na kusaga mbovu kwa ajili ya uji wa nyumbani, na anayekunywa uji huo ni mjukuu. Wala usiwape kuku.

Mengine kwa ufupi. Asali ya Manyoni au Itigi, hata iwe safi namna gani, asilambishwe mtoto asiyefikisha mwaka mmoja. Karanga nzima humpalia mtoto mdogo, mpondee. Na chumvi na sukari vipungue, kwa faida yake na ya presha yako pia.

Kwa nini kila mara naambiwa nimwoshe mtoto uso? Maji yenyewe ya shida.

Kwa sababu ya vikope, yaani trakoma. Wilaya ya Kongwa imechunguzwa na watafiti wa ugonjwa huu kwa miaka mingi kutokana na ukubwa wa tatizo, na maeneo mengine makavu ya mkoa wetu yanaujua pia. Ni bakteria wanaoambukizwa kwa inzi, kwa vidole, na kwa ile kona ya kanga unayomfutia mtoto makamasi kisha ukajifutia jicho lako. Mtoto huugua mara kwa mara akiwa mdogo. Ukubwani kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho mpaka lipofuke. Wanawake huumia zaidi ya wanaume kwa sababu ndio wanaoshinda na watoto.

Kikombe kimoja cha maji kinatosha kuosha uso asubuhi, na kingine jioni. Kila mtoto awe na kitambaa chake. Na bibi ambaye macho yanamwasha kama yana mchanga, au anayeng'oa kope kwa kibanio, asikae nyumbani akidhani ni uzee. Kuna upasuaji mdogo wa kurekebisha kope, lakini lazima ufanywe kabla kioo cha jicho hakijaharibika.

Chanjo ananikumbusha nani?

Kadi. Watu hujitahidi mpaka wiki ya 14 kisha wanasahau. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na tena miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo inayopotea mtoto akihamishiwa kwa bibi. Matone ya vitamini A huanza miezi 6 na dawa za minyoo mwaka mmoja, kila baada ya miezi sita hadi mtoto afikishe miaka mitano. Huhitaji ruhusa ya mzazi kumpeleka. Nenda na kadi.

Mjukuu ana homa na ufizi umevimba, wazee wenzangu wanasema ni meno ya plastiki. Na kuhusu lawalawa je?

Hapa naomba tusikilizane kwa utulivu, kwa sababu wanaofanya mambo haya mara nyingi ni sisi mabibi, na tunayafanya kwa kumpenda mtoto.

Meno ya plastiki hayapo. Ule uvimbe mweupe kwenye ufizi ni jino halali linalojiandaa kutoka. Likichokolewa kwa msumari au spoku ya baiskeli, mtoto hupoteza damu, huweza kupata pepopunda, na jino la ukubwani huweza lisiote kabisa. Homa na kuhara vina sababu nyingine, mara nyingi malaria au uchafu, na hizo ndizo zinazohitaji zahanati siku hiyo hiyo. Kimeo ni hivyo hivyo. Kukikata hakuponyi kikohozi, na nimeona mtoto akikimbizwa hospitali akivuja damu.

Lawalawa ndiyo iliyotuumiza zaidi Dodoma na Singida. Mtoto wa kike anawashwa sehemu za siri au anapata maumivu akikojoa, watu wanasema ni mizimu na dawa yake ni kumkeketa. Kwa sababu hiyo watoto wachanga kabisa wamekeketwa kimya kimya, wengine mama yao akiwa hayupo. Lawalawa ni maambukizi: fangasi, au bakteria kwenye njia ya mkojo. Hutibiwa kwa dawa za zahanati na usafi wa maji na nepi. Kisu hakiondoi maambukizi, huyaongeza, na maumivu yake humfuata mtoto mpaka siku ya kujifungua.

Tangu 1998 ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na sheria inamtaja waziwazi mtu mwenye uangalizi wa mtoto. Kifungo ni kuanzia miaka 5 hadi 15. Mtu huyo mwenye uangalizi ni wewe. Wakija kukushawishi, hata akiwa dada yako wa tumbo moja, kataa. Wakikuzidi nguvu, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Cheti cha kuzaliwa kinapatikanaje kama wazazi hawapo?

Mtoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa bila malipo kwenye kituo cha tiba au ofisi ya mtendaji wa kata, kupitia mpango wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Beba kadi ya kliniki au tangazo la kizazi na majina kamili ya wazazi. Akishapita miaka mitano utakwenda wilayani, kuna ada, na maswali yanakuwa mengi. Kwa hiyo usingoje baba na mama wamalize ugomvi wao wa jina la ukoo. Cheti hicho kitatakiwa shuleni. Tangu 2016 ada zimeondolewa kuanzia darasa la awali, ila sare, madaftari na mchango wa uji vinabaki kwenye mfuko wako, na hayo pia yaingie kwenye makubaliano na wazazi.

Baba wa mtoto hajatuma kitu miaka yote, sasa anataka kuja kumchukua. Nina haki gani?

Una haki ya kusikilizwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu ndugu anayemlea mtoto kuomba mahakamani apewe malezi, na pia kuomba amri ya matunzo dhidi ya mzazi asiyetoa. Kinachotazamwa ni maslahi ya mtoto. Kama mama yupo na anamtaka, elewa pia kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 huanza na dhana kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri awe na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Kabla ya mahakama nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Huduma yake hailipiwi, na mashauri mengi huishia mezani kwake. Nenda na kadi ya kliniki yenye tarehe ulizompeleka wewe, risiti za sare, ujumbe wa simu, na barua ya mwenyekiti wa kitongoji au mtaa inayosema mtoto anaishi kwako tangu lini. Karatasi hizo zianze kukusanywa leo, kukiwa na amani.

Na kama baba amebadilika kweli, mtoto anufaike. Aje amtembelee kwanza, alale siku mbili tatu, wazoeane. Kumng'oa mtoto usiku na kumpakia kwenye basi ni ukatili hata kama karatasi zinamruhusu.

Fedha hazitoshi. Kuna msaada wowote?

Uliza kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kuhusu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Walengwa hupatikana kupitia mkutano wa jamii, kwa hiyo usikose mkutano, na mtaje mjukuu kama mwanakaya. Kaya yenye watoto hutakiwa kuwapeleka kliniki na shule. Zaidi ya hapo, kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake kina faida kuliko mkopo wa simu. Mkopo wa simu kwa ajili ya madaftari, naomba, hapana.

Ananiita mimi mama. Mama yake anaumia. Nifanyeje?

Usimkataze kwa ukali, na usimfundishe hivyo. Mtoto hutoa jina hilo kwa anayeamka naye. Weka picha ya mama mahali anapoiona, mtaje kila siku, na mama akija likizo ondoka kidogo njiani: yeye amwogeshe, yeye amlishe, hata kama anakosea. Hapa mabibi wengi tunashindwa, tunasimama mlangoni na kusahihisha kila kitu. Mama naye asije na mifuko ya pipi na kununua mapenzi kwa wiki moja, kisha bibi abaki na mtoto anayekataa ugali.

Namdekeza? Nimchape?

Kumbeba mtoto anayelia si kumdekeza. Kumpa kila anachotaka dukani ili anyamaze, huko ndiko kudekeza. Watu watakutajia samaki mkunje angali mbichi, na ni kweli, ila samaki hakunjwi kwa kiboko. Mtoto wa miaka mitatu akimwaga maji, mpe kitambaa afute pamoja nawe. Akipiga mwenzake, shika mkono wake, mwambie hapana mara moja kwa sauti nzito, muondoe pale. Sheria zako ziwe chache, na babu asizifute nyuma ya mgongo wako. Mtoto aliyechapwa na mtu pekee aliyebaki naye duniani hana pa kukimbilia, na kwa yatima hilo ni zito kuliko tunavyodhani.

Namwita mjukuu wangu "mke wangu" kwa utani. Wa semina wanasema niache.

Utani wa babu na mjukuu, bibi na mjukuu, ni mali yetu na sioni sababu ya kuuua. Humpa mtoto ruhusa ya kumchokoza mzee, kumnyang'anya kofia, kumdai posho ya mke, na kucheka na mtu ambaye wengine wote humwamkia kwa kuinama. Mtoto hujifunza humo kujibu kwa akili bila kukosa adabu.

Mipaka yake ni hii: uwe wa mdomo, mbele za watu, na usifike mwilini. Mtoto akikataa kukumbatiwa, aachwe. Na afundishwe mapema, na wewe mwenyewe, kwamba hakuna mtani, mjomba wala mgeni anayegusa sehemu zake za siri na kumwambia ni siri. Wanaowaumiza watoto mara nyingi ni watu wanaoingia nyumbani kwa salamu. Mtoto akikueleza jambo, mwamini kwanza. Usimwogeshe, usifue nguo zake, mpeleke polisi kwenye Dawati au hospitali siku hiyo hiyo.

Babu anabaki kusubiri mtoto akue ndipo amfundishe kuchunga?

Asisubiri. Babu anaweza kumlisha, kumbeba, kumpeleka kliniki. Nimemwona mzee mmoja Bahi akisimama foleni ya mizani na mjukuu kifuani, na wauguzi wakampisha kwa heshima. Jioni ni zake: paukwa, pakawa, vitendawili, zeze kama analijua. Akiwa na nguvu na nauli, ampeleke mtoto wa miaka sita au saba Kolo, Kondoa, akaone michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Amwonyeshe twiga aliyechorwa na watu wa kale, amuulize anadhani aliyechora alikuwa amekaa wapi.

Nizungumze naye Kigogo, Kirangi, Kinyaturu, au Kiswahili tu?

Zote. Mtoto mdogo hubeba lugha mbili bila kuchanganyikiwa, na Kiswahili atakipata barabarani na shuleni hata usipomfundisha. Cha kwenu asipokipata kwako, hatakipata popote. Anza asubuhi kwa salamu ya Kigogo: akiamka, "mbukwa", naye aitikie.

Wajukuu wa Dar wanakuja likizo. Wananiona mgeni.

Siku hizi treni ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, inawaleta kwa chini ya saa nne, kwa hiyo waje hata siku chache, mara nyingi, kuliko mwezi mzima mara moja kwa miaka mitatu. Siku ya kwanza wasilazimishwe kukumbatia mtu. Wape kazi: kuokota mayai, kumwagilia mchicha, kupepeta. Simu zikae kabatini mchana. Juni na Julai wabebe masweta, baridi ya Dodoma huwashangaza. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kupasha joto milango ikiwa imefungwa. Hewa yake huua watu wakiwa usingizini.

Mtoto ni yatima. Nimwambieje?

Mwambie amekufa. Neno "amesafiri" humfanya mtoto akae barabarani akitazama mabasi, na siku atakayoujua ukweli atahesabu nani alimdanganya. Sema kwa maneno machache: mama aliugua, mwili wake uliacha kufanya kazi, tulimzika pale, hawezi kurudi, mimi nipo. Atauliza tena kesho na keshokutwa, ujibu vile vile. Mpeleke kaburini. Hifadhi kanga moja ya mama yake.

Kama mtoto anatumia dawa za VVU, saa ya dawa haibadiliki kwa msiba, safari wala mfungo. Akifika umri wa shule, ongea na mshauri wa kliniki yake namna ya kumweleza kidogo kidogo, kabla hajaelezwa na mtoto mwenzake kwa matusi.

Nimechoka. Mgongo unauma, presha iko juu, na naona aibu kusema.

Sema. Kwa sera ya nchi mzee ni wa miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo hutibiwa bila malipo. Uliza kitambulisho cha matibabu na dirisha la wazee. Usimnyanyue mtoto mzito kutoka chini: kaa kwenye kigoda, apande mgongoni mwenyewe, ufunge kanga, ndipo usimame ukishikilia kitu. Dawa za presha unywe mwenyewe kwanza, kisha umpe mtoto uji. Na watoto wako wote, si yule mmoja aliyekuletea mtoto, wapangiwe zamu. Jumapili moja kwa mwezi shangazi amchukue. Mtaani kukiwa na kituo cha kulelea watoto mchana, saa chache za asubuhi zitakusaidia wewe na kumpa yeye wenzake wa kucheza nao.

Nikifa, atakwenda kwa nani?

Liamuliwe ukiwa mzima. Itisha kikao cha ukoo, mtajwe mlezi anayefuata, muhtasari uandikwe na kusainiwa, nakala moja ibaki kwa mtendaji. Kama wazazi waliacha kiwanja, mifugo au mafao, hakikisha msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama na jina la mtoto limo kwenye orodha ya warithi. Ng'ombe wa yatima hupungua haraka. Cheti, kadi ya kliniki, muhtasari na namba za simu viwe kwenye mfuko mmoja, na watu wawili wajue ulipo. Mtoto aanze kulala kwa mlezi huyo wakati wa likizo, azoee kitanda na watoto wa pale. Na mlezi mwenyewe aulizwe kama yuko tayari, mkewe au mumewe akiwepo, kwa sababu atakayeamka na mtoto usiku ni huyo ambaye mara nyingi hatumwiti kwenye kikao.